Bahari ya Makopo Ukumbini Mikumi

Fausta ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo nikimsema nasema cha kwetu. Shamba la katani alilokuwa anafanya kazi kule Rudewa lilipofungwa, wenzake wenye akili walirudi milimani kulima maharage. Yeye akaja Magomeni, hapa Kilosa mjini, akapanga chumba kimoja na kuanza kuokota makopo.

Mimi nimesoma hadi darasa la nne, misheni, wakati darasa la nne lilikuwa na mwandiko na adabu. Tulifundishwa kwamba takataka zina shimo lake nyuma ya nyumba. Fausta akayageuza mashimo ya watu kuwa ghala lake. Na takataka zilikuwepo! Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinaingia nchini, na kila kilichoingia kilikuja na ganda la kutupa. Wasafiri wa Iringa wakaanza hata kununua maji, maji ya kunywa, na chupa wanazirusha Mikumi barabarani. Fausta anapanda lori kwenda kuziokota, anarudi na gunia kubwa kuliko yeye.

"Dada, angalia," aliniambia siku moja. Alikuwa amekata chupa ikawa ua, akaipaka bluu ya kufulia, ndani akatia globu ya tochi na betri mbili. Alipounganisha nyaya, ua likawaka.

"Na betri umenunua?"

"Za kuokota. Naanika juu ya bati kutwa nzima. Zikipigwa jua zinazinduka."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja. Na dakika chache."

"Basi hiyo siyo taa," nikamwambia, "hiyo ni kwikwi."

Alicheka. Fausta ukimtukana anacheka, ndiyo maana hakuna aliyefaulu kumfunza.

Mwaka tisini na sita akapata kazi kwa Shimba. Huyu alikuja na ng'ombe kutoka upande wa ziwa, akauza ng'ombe, akajenga gesti pale Mikumi na ukumbi nyuma yake. Siku hizo chupa nyingi alizouza Fausta zilitoka uani kwake. Mkewe, Monica, ni wa milima yetu, na binti yao Jackline alikuwa anaagwa kwenda kuolewa. Msichana alikuwa ameona kwenye kibanda cha video jumba la malkia wa chini ya bahari, akataka ukumbi uwe hivyo. Bahari, Mikumi! Watu wanaoamkia kinyesi cha tembo mlangoni.

Shimba alinipita bila shikamoo, mimi ambaye ningeweza kumzaa, akamwambia Fausta: "Ikipendeza, kila sherehe ya ukumbi huu ni yako. Ikiniaibisha, usikanyage tena hapa. Hata chupa usiokote."

Hapo nikaacha kutania. Bila uani kwa Shimba, Fausta hakuwa na kula.

Wiki mbili alikata na kushona, na mimi nikashika mkasi kwa sababu mtu wangu hawezi kuaibika peke yake. Akatengeneza nguva wenye nywele za katani, samaki wa makopo ya maziwa wenye magamba ya karatasi za ndani ya pakiti za sigara, pweza wa chupa wenye miguu ya utepe wa kaseti. Ndani yao akatia taa thelathini na mbili. Siku yenyewe mtaa mzima ulitazama betri zikiota jua juu ya bati la gesti kama dagaa.

"Mzee," Fausta akamwambia Shimba, "taa hizi ni za saa moja tu. Zisiwashwe mpaka mjomba wa binti afike."

"Mjomba ndiye fundi umeme?"

Mtu ameishi na mke miaka ishirini hajui hata desturi ya mkewe. Kwetu mwali wa kuagwa hukaa chumbani, na mlango hufunguliwa kwa mkono wa mjomba wake. Baba anaweza kuwa na gesti kumi. Mlango si wake. Monica alikuwa amekwisha kumwambia. Lakini pesa mpya huziba masikio.

Saa kumi na mbili na nusu ukumbi ulijaa. Mjomba mwenyewe, Onesphory, lori lake lilikuwa halijafika. Shimba akaamuru karabai zitolewe nje na nyaya ziunganishwe.

"Mzee, subiri," Fausta akasema.

"Wageni wangu wakae gizani wakimsubiri mkulima? Washa!"

Zikawaka. Sisemi uongo, watu walisahau vinywaji vyao. Kuta zikawa bluu, samaki wakameta, nguva wakapeperusha katani zao. Shimba akamtoa binti mwenyewe kwa mkono wake, redio kaseti yake kubwa ikilia, naye amevimba kama aliyeiumba bahari siku ya tatu. Wakala, wakahutubu. Hotuba ya tatu nguva wa kwanza akafa. Hadi saa mbili kasorobo wote walikuwa wamekufa, na karabai zikarudishwa ndani.

Saa mbili akaingia Onesphory, vumbi hadi kwenye nyusi. Akamwona Jackline amekaa mbele.

"Nani kamtoa?"

Watu wakamtazama Shimba.

"Basi hajatolewa. Mrudisheni chumbani. Mlango nitafungua mimi, ama mwozesheni bila sisi."

Monica akamshika binti mkono, wakarudi ndani. Shimba, badala ya kumtazama shemeji yake, akamgeukia Fausta. "Washa!"

"Zimekwisha, mzee."

"Takataka ni takataka tu! Kusanya uchafu wako, utoke!"

Fausta safari hii hakucheka. Alisimama katikati ya ukumbi ameshika pweza, na mimi nikasogea mpaka mbele ya Shimba.

"Redio yako inakula betri ngapi?" nikamuuliza Shimba.

"Nane. Kwa nini?"

"Zitoe."

"Mama, hii redio ni ya—"

Hakumaliza. Dada yake, Kashindye, mama mmoja mpana asiye na maneno mengi, alikwisha kuigeuza redio kifudifudi mezani. Muziki ukakatika. "Kaka, kaa chini," akasema, akampa Fausta zote nane.

Nane ni taa nne tu. Nikawageukia wageni. "Na nyinyi? Hakuna anayetembea Mikumi bila tochi. Zitoeni!" Walisitasita, Onesphory akatoa yake kwanza. Fausta akapita meza kwa meza, anafungua, anafunga. Zikapatikana taa kumi na nne. Karabai zikatoka. Onesphory akafungua mlango, na kwa kuwa redio ilikuwa maiti, wanawake tukaimba wenyewe. Jackline akatoka analia, na safari hii alikuwa ametolewa kweli.

Asubuhi Shimba alitukuta tunafungua nyaya.

"Jumamosi ijayo kuna kipaimara," akasema, anatazama barabarani. "Wanataka mbinguni."

"Nitakuja," Fausta akajibu. "Ila nyaya nashika mimi. Ukigusa, naondoka na mbingu yangu."

Akainama kidogo. "Haya." Kisha, kwa shida, akanigeukia: "Shikamoo, mama."

Nikamwacha asubiri kabla ya kuitikia.