Yaya yangu anazani miye ni mwizi

Bandugu, ule anayeandika leo na jina yangu haiko miye!
Naandika na compte (akaunti) ya bibi, muke wangu.

Jana kwa mutaa ya Kamalondo, muntu moja aliniambia: «Papa mukubwa, sina carte d'électeur, kitambulisho ile ya kura. Nikopeshe yako niandikishe SIM.»
Papa mukubwa anakatala namna gani? Nilimupatia, na namba yangu ya téléphone juu yake.

Leo asubui, téléphone yangu haina réseau, hakuna simu inaingia. Muuzaji wa SIM anasema: «Papa, namba yako ilihamishwa kwa SIM ingine.»
Kumbe code ya kufungua compte yangu iliingia kwa SIM ya ule muntu!

Sasa anaandika kwa groupe ya famille: «Yaya mupendwa, niko hospitali, tuma feza kidogo.»
(Miye sisemake na heshima vile!)

Nikaandika na namba ya bibi: «Yaya, usitume!»
Yaya akajibu: «Kama ni wewe, ule mamba unasemaka kila siku, uliuaga wapi?»
«Bukama! Na mikono!»
«Ndugu yangu alisemaga Kasenga, na jembe. Mwizi weye!»
Akanitosha inje ya groupe.

Mamba nilimuua miye, hata kama pahali nabadilishaka kila mara, lakini anaamini ule.

Mulio Katuba, kule yaya anaishi, mukimbie kwake mbele hajatuma. Mumuambie: ule wa heshima njo mwizi. Ndugu yake ni huyu wa makelele.