Mkwe Wangu Alinitia Mkononi Kidude cha Kunusa Polisi

Admin, ficha jina langu na kijiji changu kabisa. Huyu mkwe ninayetaka kumweleza hapa anasomanga hii page kila asubuhi kabla hata hajanawa uso.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, mkulima wa mahindi na miwa kidogo hapa Kakamega. Shule niliachia darasa la saba, mkiona nimekosea mnivumilie. Nashika rozari yangu na sipendi kutoa mambo ya nyumba nje. Lakini hasira imenifika kooni, na padre nikimwambia najua ataniambia nisamehe. Sijafika huko.

Binti yangu ameolewa Shieywe, kule mjini. Siku hiyo nilikuwa nimewapelekea kuku na mboga. Sasa, kwetu mama hawezi kulala nyumba ya mkwe, kwa hivyo ilibidi wanirudishe na gari lao jioni haijaingia. Na mnajua heshima ya mkwe na mama mkwe ilivyo. Hatusalimiani kwa mkono, hatupeani kitu mkono kwa mkono, na maneno yanapitia kwa binti. Tangu aoe, huyo kijana hajawahi kunisemesha moja kwa moja, wala mimi. Nikakaa nyuma upande wa binti yangu, nikaangalia dirisha.

Kwenye kioo cha mbele alikuwa amebandika kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni. Alikinunua kwa simu, bei ya kuku wawili. Akamwambia mke wake kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie, "Hiki kinanusa kamera za trafiki kama mbwa. Kikinyamaza, barabara ni yangu."

Tukiwa bado mjini kililia mbele ya supermarket. Akapunguza mwendo, akatafuta polisi kushoto na kulia, hakuna. Akacheka, "Aa, ni ile milango yao inayojifungua yenyewe." Nikajiuliza, mbwa gani huyu anabwekea mlango? Lakini nitamuuliza nani?

Tulipotoka mjini kikanyamaza, naye akakanyaga mafuta. Miti ilikuwa inapita kama imetupwa. Nikakohoa. Nikamgusa binti yangu begani, nikamwambia, "Mwambie baba watoto apunguze."

Binti akasema, "Baba Tasha, mama anaogopa."

Akajibu, "Mwambie mama ashike rozari, mimi nashika usukani. Si kila mtu na kazi yake?" Wakacheka wote wawili. Hata binti yangu alicheka.

Tulipofika kituo cha Lubao, ilikuwa siku ya soko la mifugo. Baba mmoja alikuwa anavuta ng'ombe wake kwa kamba, kando kabisa, kwenye majani. Kile kidude kikaanza kupiga kelele tena. Mkwe wangu akainamisha kichwa kukitazama, akaanza kukibonyezabonyeza. Gari likaacha lami. Niliona uso wa yule baba. Ng'ombe alikufa palepale. Yule baba akavunjika mguu mahali pawili.

Watu wanakimbia, wanapiga nduru, askari wanakuja. Mkwe wangu akang'oa kile kidude, akageuka nyuma, akanitia mkononi, mkono wake juu ya mkono wangu. "Mama, ficha kwa mkoba. Wewe hawawezi kukupekua." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu amuoe mtoto wangu. Nikaficha. Sikujua ninafanya nini.

Halafu nikamsikia akiwaambia askari kwamba ng'ombe alikata kamba akaruka barabarani. Binti yangu akaitikia, "Ni kweli, afande."

Sasa yule baba bado yuko kitandani na mguu wa plasta, na anaambiwa atashtakiwa kwa kuachilia mifugo barabarani. Mke wake tunasali jumuiya moja. Jumapili alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza, "Mama, wewe si ulikuwa ndani ya gari? Kamba ilikatika kweli?" Nikamwambia, "Tuombeane." Siku hiyo sikupanga laini ya komunio. Ningepokea na mdomo upi?

Nilipompigia binti yangu kumwambia nitasema ukweli na kupeleka kile kidude kwa polisi, kesho yake mkwe akafika. Hakuingia ndani, alisimama kwenye lango akapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Mama, hicho kitu kikifika kwa polisi, nakurudishia binti yako na virago vyake!"

Nikatoka. Nikamwangalia usoni. Nikamwambia, "Mlete. Kitanda chake bado kiko."

Akawasha gari akaenda. Nilidhani nimeshinda. Usiku binti yangu akapiga simu akilia kwa hasira. "Mama, nani amekutuma unirudishe? Nilikuambia nataka kurudi? Watoto wangu watalelewa na nani? Ukitoa hicho kitu, usiniite tena mtoto wako." Akakata. Ni mtoto wangu pekee aliyebaki hai.

Askari wamesema niende nikaandikishe maelezo Jumatatu. Wazee wa ukoo wanasema mama mkwe kusimama kumshtaki mkwe wake ni mwiko, eti nitaleta laana kwa wajukuu. Mimi nawauliza, yeye alipotia mkono wake juu ya wangu, mwiko ulikuwa wapi?

Wenzangu, wazazi wenzangu, nipeni mawazo. Mnitukane mkitaka, lakini msiniambie ninyamaze kwa ajili ya heshima, kwa sababu heshima ndiyo iliyonikalisha kimya ndani ya lile gari. Nikisema, nampoteza mtoto. Nikinyamaza, mwenye ng'ombe anafungwa na mguu wake mbovu, na mimi nitamwamkia mke wake kila Jumapili. Jumatatu niwaambie askari nini?