Binti Yangu Zaïre

Binti yangu nilimzaa Brussels, miezi michache baada ya kutoka Bukavu. Mume wangu alitaka jina la mtakatifu. Nilimwambia hilo padri atalitumia siku ya ubatizo. Mimi nitamwita Zaïre. Nilikuwa nimeiacha nchi bila kuaga mtu, na nilitaka niitaje kila asubuhi nikimwamsha mtoto.

Alikuwa darasa la kwanza nchi ilipobadilishwa jina. Wiki hiyohiyo nilimpeleka kusukwa kwenye saluni moja ya Galerie d'Ixelles. Saluni ilijaa watu wakijadili habari za kwetu. Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa alipomwita mtoto kwa jina, amwambie asitikisike. Mwanamume mmoja aliyekuwa akimsubiri mkewe akasema Zaïre alishakufa, wamemzika, sasa kuna Congo. Huyu katoka wapi? Saluni nzima ikacheka.

Nilimshika binti yangu mkono nikamtoa kitini vilevile, nywele nusu zimesimama. Kwenye basi la kurudi Laeken akaniuliza polepole, "Maman, mimi nitakufa lini?"

Nilimmalizia kusuka mwenyewe nyumbani. Nilizivuta nywele kwa hasira, mistari ikaenda upande.

Jumapili akaja kaka wa mume wangu. Alikula kwanza, akashiba, ndipo akaanza.

"Bon, famille tulikaa. Ile jina, ni rais aliyekimbia aliipatia inchi, inatupatisha haya. Kuanzia leo mutoto aitwe jina yake ya ubatizo."

Nikauliza ni nani waliokaa kikao hicho. Akawataja wanaume wa ukoo, na wa mwisho akamtaja mume wangu, ambaye alikuwa anaangalia televisheni kana kwamba haongelewi yeye. Walikuwa wamekaa kumjadili mtoto niliyembeba mimi, na mimi nilikuwa kazini, nikimwogesha mzee wa Kibelgiji.

"Mutoto haiko bendera, shemeji," nilimwambia. "Hatuwezi kumushusha juu ya serikali kuanguka."

Alisema sina heshima. Nikamletea koti lake, nikamfungulia mlango. Mume wangu alimsindikiza hadi kwenye tramu, akarudi akalala.

Walishinda kwa njia nyingine. Mwaka mpya wa shule ulipoanza, nikiwa getini nilisikia wenzake wakimwita binti yangu kwa jina la ubatizo. Alikuwa amemwambia mwalimu mpya kwamba ndilo jina lake. Sikumgombeza. Alikuwa mtoto, amechoka kuchekwa. Nyumbani niliendelea kumwita Zaïre, naye aliitika. Siku moja baba yake alijaribu lile lingine mezani. Mtoto akamwambia hilo ni la shule.

Shemeji alizipata habari za shuleni. Kwenye harusi ya jamaa alisimama kuwasimulia watu kwamba hatimaye nimepata akili. Nilimwinua binti yangu tukatoka kabla chakula hakijaletwa, na mpaka leo simsalimii yule mtu.