Kigoda Kilichobaki Hemani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ng'ombe hawajapita kwenda malishoni, Nyanjige Mayala anatoka ofisini na kigoda mkono mmoja na kipima joto mkono mwingine. Anakiweka kigoda chini ya mwarobaini, hatua nne kutoka geti la kituo cha afya. Anajaza maji kwenye ndoo yenye koki. Anavaa barakoa ya kitambaa, na juu yake anaongeza nyingine. Kisha anakaa na kuitazama barabara ya Migato.

Anaitazama sana. Kila mkokoteni unaotokea upande ule unamfanya anyanyuke kidogo, halafu anakaa tena.

"Leo ni siku ya tano tangu tarehe yake ipite," anasema bila kugeuka. "Siku ya tano, na hajaja."

Anayemsubiri ni Milembe, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mkulima wa pamba, mjamzito. Si ndugu yake wala jirani yake. Ni mtu ambaye Nyanjige alimfukuza mwaka jana kwa kidole.

Nyanjige ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu wa afya katika kituo hiki cha wilayani Itilima. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya wodi ya wazazi, kuchemsha vifaa na kumshika mkono mama anayepiga kelele wakati mkunga ameshughulika kwingine. Korona ilipoingia Machi 2020 alitolewa wodini na kuwekwa getini, akapewa kile kidude chenye umbo la bastola na karatasi ya mwongozo iliyobandikwa ukutani. Mwongozo ulikuwa mfupi: mwenye joto kuanzia nyuzi thelathini na nane aelekezwe hemani, akatengwe.

Hema hilo limesimamishwa nyuma ya majengo, karibu na kichomea taka. Aliyechagua mahali hapo alikuwa anawaza upepo tu, hakuwaza macho ya watu. Mama mjamzito akichungulia kutoka getini anaona turubai na moshi nyuma yake, basi. Vijijini ilishasemwa kwamba anayeingia mle hutoka amefungwa kwenye plastiki na kuzikwa na watu wasioonekana nyuso. Ilisemwa pia kwamba ile bastola inamuunguza mtoto tumboni.

Watu wakaogopa. Tena waliogopa kwa bidii, wakajitibu kwa bidii hiyohiyo.

Asubuhi moja ya Mei mwaka huo, pamba ikiwa imepasuka mashambani, Milembe alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake, Benedikta, hakutaka mkamwana wake akutwe na ugonjwa hospitalini. Akachemsha sufuria ya mkaratusi, mwarobaini na majani ya mlimao, akamfunika kwa blanketi mbili na kumfukiza mpaka jasho likatiririka. Alimfukiza mara tatu. Alipoona sasa ni safi, akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, blanketi moja bado mabegani, kwa safari ya saa mbili juani.

Walipofika getini, kipima joto kikasoma 38.3.

"Sikumuuliza kitu," anasema Nyanjige. "Nilirudi nyuma. Mimi nina mume mwenye pumu nyumbani, nilimwona yule binti anatoka jasho, macho mekundu, nikajua hii ndiyo yenyewe. Nikamwambia, 'Nenda kule.' Nikamnyooshea kidole. Sikumsogelea hata hatua moja."

Milembe alilitazama hema. Akasema anakwenda kujisaidia. Akazunguka choo, akapenya kwenye ua wa minyaa na kuingia katika shamba la pamba la watu.

Walimtafuta kwa zaidi ya saa moja. Benedikta ndiye aliyemkuta, amelala kati ya mistari ya pamba na mtoto wa kiume kifuani, kitovu kimemzunguka shingo. Mtoto alikuwa bado anapumua. Alipofikishwa wodini mkunga alihangaika naye mpaka karibu saa sita mchana, akafa.

Milembe alipopimwa tena mchana huo alikuwa na nyuzi thelathini na sita na nusu. Hakuwa na homa yoyote. Joto lilikuwa la sufuria, blanketi na jua.

Jioni Benedikta alikuja getini. Hakupiga kelele. "Mtoto wa watu umemnyooshea kidole kama mwizi," alisema, akaondoka na kanga yenye maiti ya mjukuu wake.

Nyanjige hajalisahau neno hilo hata siku moja. Tangu hapo amejitungia utaratibu ambao haumo kwenye karatasi ya ukutani. Mjamzito akifika anakalishwa kivulini, juu ya kigoda kile kile, anavuliwa blanketi, anapewa maji, na anaulizwa swali moja: "Umefukizwa?" Inapita nusu saa ndipo anapimwa, na anapimwa mara mbili. Mganga mfawidhi alimwita ofisini kumuuliza kwa nini foleni ya getini haitembei. Nyanjige alimjibu kwamba anapoza watu. Bosi akacheka, akamwacha.

"Kwa mwezi mmoja tu nilipata wanawake kumi na wawili waliofukizwa," anasema. "Kumi na wawili! Wote wangeingia hemani, au wangekimbilia kwenye mashamba ya pamba."

Machi mwaka huu, 2021, alisikia kwamba Milembe ana mimba tena na kliniki hakanyagi. Akapanda baiskeli mpaka kijijini kwao, Migato. Pale nyumbani hakukaribishwa kiti kwa muda mrefu. Benedikta aliendelea kupepeta mtama kana kwamba aliyesimama uani ni mbuzi. Mwishowe akamletea maji.

"Nilimwambia binti, njoo kliniki. Na siku ya siku ikifika, mimi nitakuwa getini."

Milembe akamuuliza, "Na hema?"

"Lipo," Nyanjige akakiri. "Lakini sitakuonyesha kwa kidole."

Alikuja kliniki mara tatu, hakukosa tarehe hata moja. Halafu Julai wimbi jipya likaingia. Apolonia, mfagiaji aliyekuwa akinywa chai na Nyanjige kila saa nne, alianza kukohoa Jumatatu, akapelekwa hospitali ya Bariadi Alhamisi, na Jumapili akarudishwa kuzikwa. Migato watu wakaacha tena kuja kituoni. Na siku za Milembe zikapita, moja, mbili, mpaka leo ya tano.

Usiku Nyanjige analala jikoni, peke yake, asimletee mumewe Maige ugonjwa. Chakula anapakuliwa mlangoni. "Ninaogopa kwenda kazini, na nikirudi naogopa kuingia nyumbani kwangu," anasema. "Nikikohoa kidogo tu kwa vumbi, moyo unaruka. Naanza kujinusia sabuni kuona kama pua bado inafanya kazi."

Saa tatu na robo mkokoteni unatokea.

Unasimama mbali, hatua kama thelathini kutoka getini, na haujongei. Juu yake Milembe amekaa, ameshika ubao kwa mikono yote miwili. Benedikta anashuka, anamvuta, binti anakataa kwa kichwa. Ukimwangalia unaona wazi anapima umbali kati yake na ua wa minyaa.

Nyanjige anaacha kipima joto kwenye kigoda. Anakwenda mikono mitupu mpaka kwenye mkokoteni, anapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, mayu," Milembe anaitikia salamu hiyo ya asubuhi kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Umefukizwa?"

Benedikta anadakia kabla mkamwana hajafungua mdomo. "Hata mvuke wa ugali sijamsogezea safari hii! Muulize mwenyewe."

Wanamsaidia kushuka. Anakalishwa kwenye kigoda, anapewa maji, anasubirishwa. Uchungu unakuja na kuondoka; ukija anashika shina la mwarobaini. Dakika thelathini ni ndefu kwa mwanamke wa hali hiyo, na Nyanjige anazihesabu kwa saa ya simu huku akimfuta jasho. Jasho hilo limeanza kumtia wasiwasi, kwa sababu kivuli ni kizuri na asubuhi bado ni ya baridi.

Anapima. 38.6.

Anafuta kioo kwa kona ya kanga, anapima tena. 38.7. Na hapo Milembe anakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu.

Benedikta anamtazama Nyanjige machoni, na kila mtu pale getini anajua swali lake. Sufuria haikuchemshwa wala blanketi haikuvaliwa. Safari hii homa ni ya kweli.

Nyanjige alisimulia baadaye kwamba katika dakika ile miguu ilimwambia arudi nyuma, kama mwaka jana. Alimwona Apolonia. Alimwona Maige, akihangaika kuvuta pumzi. Tena alijua kuwa akifuata karatasi ya ukutani hakuna atakayemlaumu.

Anampa mlinzi wa geti kipima joto. Anamwinua Milembe, anamkamata kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaokota kigoda.

"Twende," anasema.

"Wapi, mayu?"

"Hemani. Mimi na wewe."

"Utaniacha humo."

"Unaona nimebeba kiti? Mtu anayeondoka habebi kiti."

Mkunga wa zamu, Scola, anawawahi njiani akiwa ndani ya gauni la plastiki. "Mama Nyanjige, ukiingia hutoki mpaka majibu ya vipimo yarudi," anamwonya. "Unalijua hilo?"

"Najua. Mwambieni Maige asije karibu."

Benedikta anabaki getini. Hawezi kuruhusiwa zaidi ya hapo. Anakaa chini mahali kigoda kilipokuwa, anatoa rozari, na mpaka jua linageuka hainui macho. Mara mbili inasikika sauti ya Milembe kutoka nyuma ya majengo, na mara zote mbili mama huyo anakamata shanga na kuacha kusali.

Saa tisa alasiri inasikika sauti nyingine, nyembamba na yenye hasira. Benedikta anasimama, anakaa, anasimama tena. Scola anakuja mpaka nusu ya njia na kupaza sauti: "Wa kike! Kilo mbili na pointi nane! Mama yuko vizuri!" Bibi analia kwa nguvu, kilio cha mwaka mzima na zaidi.

Hofu haikuishia hapo. Majibu yalirudi siku ya sita: Milembe alikuwa na Uviko-19. Siku ya nane Nyanjige naye akapata homa, akahamishiwa kitanda cha pili mle mle hemani. Usiku mmoja alishindwa kulala chali kwa kubanwa kifua. Milembe, ambaye sasa alikuwa na nafuu, alimkalisha, akamwegemeza mgongoni mwake mpaka kukapambazuka, mtoto akiwa amelala miguuni.

"Nilidhani nakufa," anasema Nyanjige. "Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilitubu, nikajuta, nikajiuliza nani alinituma. Kila asubuhi Maige alileta uji mpaka kwenye minyaa, anauacha, anarudi nyuma, anaita jina langu. Nikichelewa kuitika namsikia analia."

Milembe na mtoto walirudi Migato siku ya kumi na saba. Nyanjige alikaa wiki moja zaidi, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani, na sasa amerejea kazini. Mshahara wake ni ule ule, laki moja na themanini kwa mwezi, na mwongozo wa ukutani haujabadilika hata nukta.

Ni asubuhi tena, majuma matano tangu mtoto azaliwe. Mwarobaini upo, ndoo ipo. Nyanjige anapima watu akiwa amesimama, na akichoka anaegemea nguzo ya geti, kwani pumzi bado ni fupi. Kigoda hakipo.

"Kimebaki hemani," anasema. "Mganga mfawidhi alitaka kichomwe. Nikamwomba kioshwe kwa dawa kibaki kule kule, maana mle ndani mlikuwa na vitanda na ndoo tu, hapana pa kukaa mtu wa pili. Sasa mama akiingia, mmoja wetu anaingia naye. Tumekubaliana wahudumu watatu, kwa zamu. Wa nne bado anaogopa, na simlaumu."

Anataka nini sasa? Angependa hema liondolewe pale kwenye moshi. Angependa Maige amruhusu kurudi kulala chumbani. Maige amesema bado kidogo. Halafu anashusha sauti, kama mtu mwenye kuomba kitu cha aibu.

Tangu augue, pua yake ilikuwa haisikii chochote. Siku zote zile hemani alimbeba mtoto wa Milembe, akambadilisha, akamlaza kifuani, na hakumsikia harufu, mwanzoni kwa sababu ya barakoa, kisha kwa sababu ya ugonjwa. Yeye ambaye kwa miaka yake yote ya wodini alikuwa akiinamia kila kichwa cha kichanga kabla hajamkabidhi mama yake.

Juzi, akisafisha ndoo, alisikia kitu. Alirudia mara tatu kuhakikisha. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuoshea, kwa mbali sana.

"Jumatano ijayo mtoto anatimiza wiki sita, analetwa chanjo," anasema, na macho yake yameshakwenda kwenye barabara ya Migato. "Benedikta amenitumia salamu kwamba atamleta mwenyewe. Kabla sijampima, nitaomba nimnuse."