Iowa ya Papa Fortunat

Papa Fortunat hajawahi kupanda ndege, na katika Marekani nzima anajua jimbo moja tu. Lakini jimbo hilo analijua kama wengine wanavyojua njia ya kutoka Mabanga hadi Birere, mitaa ya hapa Goma. Mtajie Decorah, atakuambia iko kaskazini, kwenye vilima, na kwamba Walutheri wana chuo chao hapo. Mtajie Dubuque, atanyoosha kidole mashariki, kwenye mto Mississippi, na kukueleza kwamba Wakatoliki wana vyuo viwili katika mji huo mmoja, kana kwamba kimoja hakikuwatosha. Ames ni ya wahandisi na wataalamu wa kilimo. Grinnell iko katikati, imezungukwa na mahindi. Na Mount Vernon kuna chuo ambako mwanafunzi husoma somo moja tu kwa wiki tatu na nusu, akilimaliza ndipo anaanza lingine.

"Na akishikwa na malaria wiki mbili?" mzazi mmoja aliwahi kumuuliza.

"Iowa hakuna malaria, papa."

"Ah. Basi hana kisingizio."

Kwa miaka ishirini na saba Papa Fortunat alikuwa karani wa kupokea dosiye, majalada ya wanafunzi, katika chuo kikuu kimoja cha hapa Goma. Alipostaafu alifungua secrétariat public huko Mabanga, chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya kuchapisha na benchi la wateja, ukuta wa nje ukiwa wa mawe meusi ya volkeno kama nyumba zote za jirani. Watu wangekuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, na maisha yake yangeishia hapo, kama si Mapendo.

Mapendo ni mtoto wa kaka yake. Aliondoka na wakimbizi, akapita Uganda, akafikia Cedar Rapids, huko Iowa, akaanza kuosha sahani katika jiko la chuo. Mwaka wa kwanza alilalamikia baridi. Mwaka wa pili alinunua gari, na tangu hapo kila Jumapili baada ya misa huendesha hadi mji fulani, hupiga picha ya lango la chuo na kumtumia kwa WhatsApp: "Baba mudogo, ona na hii." Papa Fortunat, aliyezoea kuweka kila kitu mahali pake, aliandika kila lango kwenye daftari. Kisha akachora ramani ya Iowa nyuma ya kalenda ya parokia na kuitundika juu ya mashine ya kuchapisha. Malango yalipofika thelathini, vijana wakaanza kuja awasaidie kuomba nafasi humo.

Kazi yenyewe si rahisi kama inavyodhaniwa. Kwanza kuna wazazi, ambao kwao Marekani ni New York.

"Hiyo Iowa iko karibu na New York?"

"Karibu kama Goma na Matadi, mwisho wa nchi."

Halafu baba anasikia kwamba mji wenye chuo una watu elfu tisa, tena katika jimbo hilo nguruwe ni wengi kuliko watu, naye anakasirika: mutoto amezaliwa mjini, amesoma mjini, leo apelekwe kusomea kijijini kati ya nguruwe? Papa Fortunat humwacha amalize. Kisha humwonyesha picha ya maktaba.

Pili kuna asilimia. Mtoto aliyepata sitini na nane katika mtihani wa Taifa amemwagiwa unga kichwani na kuzungushwa mtaa mzima kwa nyimbo. Mmarekani akiona sitini na nane anadhani mtoto ni mvivu. Kwa hiyo kila dosiye inayotoka kwa Papa Fortunat ina ukurasa wa kueleza alama zetu, wenye muhuri wa shule. Wapo mjini hapa wanaojua kupika karatasi, na sitini na nane kwao inageuka themanini na nane kabla chai haijapoa. Yeye hajawahi kugusa hata nukta. Ndiyo maana watu wenye heshima zao hawaoni aibu kuonekana kwenye benchi lake.

Mama Ernestine alikuwa mmoja wao. Mjane wa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyejulikana barabara nzima ya kaskazini, alikuwa amefundisha Kifaransa katika lycée, shule ya sekondari, hadi nywele zilipoanza kuwa nyeupe. Alilea watoto watatu peke yake na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu. Binti yake, Kaswera Charline, alikuwa amepata sabini na tatu, na chuo kidogo karibu na Mississippi kilikuwa kimekubali kumpa bourse nzima: masomo, chumba na chakula. Vingine kumi na vinne vilikuwa vimesema hapana au vimenyamaza. Kilibaki hicho.

Jumanne ikaja barua pepe. Papa Fortunat aliwaita mama na binti, akawasomea kwa sauti yake ya ofisi. Chuo kilisalimu kwa adabu, kisha kikaeleza kwamba hakielewi. Mwombaji anaitwa Kaswera. Baba aliyetajwa anaitwa Kambale. Kaka ni Paluku, mdogo wake ni Sikuli. Katika familia hii hakuna watu wawili wenye jina moja. Tafadhali mama atume barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi yake, aeleze mzazi halali ni nani. Jibu lifike kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo bourse itapewa anayefuata.

Mama alisogea karibu na kompyuta.

"Nisomee tena pale," Mama Ernestine akasema. "Pale pa mzazi."

Akamsomea.

"Kumbe banauliza kama mutoto wangu ana baba."

"Hapana, mama, banauliza..."

"Nimesikia, Papa Fortunat. Nilifundisha miaka thelathini na moja, swali ninalijua nikilisikia. Niliolewa kanisani Butembo, askofu mwenyewe alikuwepo. Leo mutu wa nguruwe aniulize nani alizaa na mimi?"

Charline aliinamisha kichwa. "Maman, ni formalité tu, utaratibu wao."

"Wewe nyamaza, formalité." Mama akageukia kompyuta kana kwamba Iowa yote ilikuwa imejificha humo. "Basi andika Charline Kambale, yaishe. Wewe ni fundi wa mambo haya. Weka jina la baba yake, wafurahi."

"Mama, jina lililo kwenye diploma ndilo litakalopanda ndege. Nikiweka lingine nitakuwa nimemfanya mutoto kuwa watu wawili."

"Kwa hiyo unakataa."

"Ninakataa, mama."

Mama Ernestine alisimama, akanyoosha kitenge chake, akachukua dosiye yote mezani, na vyeti na picha. "Watoto wa Kambale hawaendi mahali wanapoulizwa baba yao. Charline atasoma hapa hapa. Charline, twende." Wakatoka, na mlangoni binti aligeuka akamtazama Papa Fortunat mara moja tu.

Nyumbani Papa Fortunat alimweleza mke wake, Nshobole, naye alicheka hadi akaweka mwiko chini.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia jina la diploma ndilo litakalopanda ndege."

"Wanaume! Mwanamke analilia jina la mume wake, wewe unamwonyesha diploma. Kesho kutwa nenda kwake. Umupelekee sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Na usianze na Iowa."

Alhamisi asubuhi Papa Fortunat alivaa koti, akabeba sambaza mbichi katika mfuko, akapanda pikipiki hadi kwa Mama Ernestine. Alikaribishwa sebuleni, chini ya picha ya marehemu aliyevaa suti ya vifungo vitatu. Sambaza zilipokelewa. Chai ilikuja. Walizungumza habari za parokia, za barabara ya Sake, za bei ya makala, mkaa wa kupikia. Charline alipita na vikombe akiwa na macho mekundu. Papa Fortunat alimeza chai ya pili, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, akaanza na aibu yake mwenyewe.

"Mama, nitakuambia jambo ambalo hata Nshobole simwambii mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa kijana wa kabila la Washi, mbichi kutoka upande wa Bukavu. Nikaambiwa nipange dosiye kwa familia. Nikakuta Kambale, na mwingine Kambale, na mwingine. Nikahesabu arobaini na moja. Nikasema, loo, mzee huyu Mungu amembariki! Nikawaweka wote katika dosiye moja."

Mama Ernestine alishusha kikombe.

"Haikuishia hapo. Mmoja wao alipigana darasani. Nikaandika barua kumwita baba yao. Mzee akatoka Butembo, siku mbili njiani, wakati wa mvua. Akafika amejaa matope hadi magotini. Nikamkalisha, nikamwambia kwa ukali: mzee, una watoto arobaini na mmoja katika chuo hiki, lazima uwasimamie vizuri."

"Uongo!"

"Haki ya Mungu. Akapangusa matope magotini. Akaniuliza polepole: 'Mwanangu, na mke wangu anajua habari hiyo?'"

Mama Ernestine alijaribu kujizuia. Alikaza midomo kama mwalimu anayeona kosa la kuchekesha kwenye ubao, lakini mabega yalimsaliti, na mwisho alicheka kicheko kikubwa hadi Charline akachungulia kutoka jikoni. Katika nyumba hiyo kicheko cha namna ile hakikuwa kimesikika tangu mazishi.

"Arobaini na moja!" alisema, akifuta macho. "Hukujua kwamba kwetu jina linafuata mutoto alizaliwa wa ngapi?"

"Ningejua wapi? Kwetu hatufanyi hivyo. Nilikuwa nakula na ninyi Wanande, nasali nanyi, na nikakosea hivyo. Sasa hao wa Iowa, mama, hawajawahi kumwona Munande hata mmoja. Lakini wao wameuliza. Mimi sikuuliza."

Mama aliinua kichwa. Alitazama picha ya mumewe.

"Usipojibu," Papa Fortunat akaendelea kwa sauti ya chini, "pale kwenye nafasi ya jina la Papa Kambale wataandika neno lao wenyewe. Na litabaki ndani ya dosiye. Mimi ninajua dosiye. Haisahau."

Neno hilo lilimgusa kuliko yote. Mama Ernestine aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kalamu ya wino na karatasi zenye mistari.

"Charline! Ondoa vikombe. Ninaandika."

Aliandika hadi saa sita. Alianza na milima ya Lubero na wazee wa Wanande, akaeleza mpangilio wa majina, kwa nini mvulana wa kwanza hawezi kuitwa kama wa pili, kwa nini mtu akisikia jina lako anajua upande gani wa meza ulikaa utotoni. Kisha ndoa, tarehe, parokia, askofu. Kisha biashara ya kahawa ya marehemu na sifa zake katika soko la Butembo. Kurasa nne, Kifaransa safi kisicho na doa. Papa Fortunat alizisoma zote amesimama, kwa heshima.

"Nzuri sana, mama. Lakini wao wameomba ukurasa mmoja."

"Nipunguze nini? Ndoa yangu?"

"Ndoa inabaki."

"Basi nini? Mume wangu?"

"Pengine kahawa," Charline alisema kwa woga.

"Kahawa ndiyo ilikusomesha, binti."

Walibishana sentensi kwa sentensi. Milima ya Lubero ilibaki na mstari mmoja. Askofu alibaki, Mama hakukubali kumwondoa. Kahawa iliondoka, lakini kwa sharti kwamba katika mstari wa mwisho iandikwe kuwa marehemu Kambale aliwasomesha watoto wake wote, wasichana kama wavulana. Papa Fortunat aliona kwamba mstari huo ulikuwa na nguvu kuliko kurasa zote nne, akautafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno. Mama aliweka sahihi mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikumpendeza. Ijumaa saa nne asubuhi, umeme ulipokuwa unapepesa kama unaotaka kuondoka, barua iliondoka kabla yake.

Siku tisa zikapita. Mama Ernestine hakupiga simu hata mara moja, lakini alianza kununua vocha kwa muuzaji aliyekaa mkabala na ofisi ya Papa Fortunat, mbali kabisa na nyumba yake, na kila akipita alisalimu kwa kichwa bila kusimama. Siku ya kumi Papa Fortunat alitoka mbio na miwani mkononi, akamwita kutoka upande wa pili wa barabara kama kijana.

Safari hii jibu lilikuwa limeandikwa kwa Mama Ernestine mwenyewe, kwa jina. Waliomba radhi ikiwa swali lao lilimuumiza. Walisema sasa wameelewa. Bourse ilikuwa ya Kaswera Charline, binti wa Kambale, na masomo yangeanza mwezi wa nane.

"Umesoma yote? Hukupunguza?"

"Sikupunguza hata koma, mama."

Charline, aliyekuwa ameitwa kwa simu, aliingia akihema, akaona uso wa mama yake, akaanza kulia na kucheka pamoja. Mama alimkumbatia mara moja, akamweka sawa kola ya blauzi, akakaa kwenye benchi. Watu waliokuwa wakingoja barua zao walipiga makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa akitazama ramani ukutani, na uso wake wa lycée ulikuwa umelegea.

"Papa Fortunat."

"Mama."

"Vyuo vyote hivi unavijua."

"Karibu vyote."

"Niambie basi. Huko, asubuhi, nani atamuamsha mutoto huyu?"

Papa Fortunat aligeukia ramani. Alijua idadi ya vitabu katika maktaba ya chuo kile, alijua mwaka kilipoanzishwa na umbali wake kutoka mtoni. Swali hilo hakuna kijana aliyewahi kumuuliza, wala hakuna lango lililokuwa na jibu lake. Akachukua simu, akampigia Mapendo, akaiweka simu kwa sauti kubwa na kumweleza.

"Maman, shikamoo," sauti ya Mapendo ilitoka, nyuma yake vyombo vikigongana. "Usihangaike. Chuo kile kiko saa moja na nusu kwa gari kutoka kwangu. Jumapili nitakuja kumuchukua kwa misa. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi nitamupigia simu aamke."

Mama Ernestine aliinamia simu kwa makini, kama anayesahihisha mtihani.

"Saa kumi na moja," alisema. "Humujui. Huyu anaamka kwa awamu."