Kinyumba cha Udongo Alichokibeba Mtani

Mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na moja, mvua ya siku mbili iliyeyusha tanuri langu la matofali kule Nambambo kabla sijalitia moto. Nilibaki na lundo la tope, kuni nyingi zilizolowa, na mke aliyeninunia. Shule yangu yote ni darasa la tatu, lakini siku ile nilijiuliza kitu ambacho wenye vyeti hawakuwa wamejiuliza: kwa nini tumalize msitu kwa kuchoma tofali?

Fundi mmoja wa misheni mwenye mashine ya mkono alinionyesha. Udongo wa kichuguu, mchanga kidogo, saruji kidogo sana; unagandamiza, unafunika kwa nyasi, unamwagilia siku saba. Moto hakuna. Mengine nilibuni mwenyewe. Nachingwea mjini nilijenga vyumba viwili: upande wa magharibi sikuweka dirisha, niliweka kibaraza. Chini ya kenchi, mbao zinazobeba paa, niliacha matundu joto litoke. Chini ya bati nikapiga dari ya mianzi na kuikandika udongo. Mwezi wa Novemba, saa nane mchana, mtu alilala humo bila feni. Watu walikuwa wanapita kuomba kukaa tu.

Miaka sita nilifanya kazi na mtani wangu. Kabila lake na langu ni watani tangu mababu. Ananitukana, namtukana, na nikifiwa yeye ndiye anachimba kaburi na kunichekesha. Msibani mtani ana ruhusa ya kubeba kitu cha mfiwa; unakikomboa kwa kuku, mnacheka, yanakwisha. Alifika kidato cha nne, kwa hiyo barua zangu alisoma yeye.

Mwaka 2003 ikaja barua ya Ruangwa. Kamati ya ujenzi ilitaka nyumba za bei nafuu za wauguzi, wakaniita niende na ramani. Mimi kuchora sijui. Nikatengeneza kinyumba cha udongo, urefu wa mkono, bati nimekata kwenye debe, matundu yote yapo, paa linafunguka uone ndani. Wiki tatu. Nilikuwa nimechoka kuitwa fundi wa kichuguu. Kazi ile ingefanya niitwe mjenzi, na hilo nililitaka kuliko hela.

Siku tatu kabla ya miadi, mama yangu akafariki.

"Usihangaike, mtani," mtani wangu akaniambia. "Nitawaandikia wakusogezee siku."

Kesho yake baada ya maziko akaingia amevaa gauni la marehemu, anachechemea kama alivyochechemea mama.

"Nyie wala panya mmeniua na njaa," akasema. "Huyu mjukuu wangu naondoka naye. Mkimtaka, kuku mwekundu."

Akakifunga kinyumba mgongoni kwa kanga kama mtoto, akatoka. Panya wenyewe anakula kuliko mimi. Nilicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu mama afe.

Nikatafuta kuku mwekundu, nikamfunga mguu mlangoni. Siku ya pili mtani hakuja. Ya nne hakuja. Tulipoondoa matanga nilipanda lori la ufuta mpaka Ruangwa, nikamkuta amevuta kamba za msingi.

"Umekuja na kuku?" akaniuliza.

"Kinyumba changu kiko wapi?"

"Mezani kwa kamati. Wamekipenda. Nimeshasaini."

"Umesaini kwa jina la nani?"

"La anayejua kusaini."

Vibarua wakacheka. Walidhani tunataniana.

Nikaita wazee wa pande zote mbili. Aliyeuliza alikuwa mzee wa upande wangu mwenyewe.

"Alipokibeba, ulicheka?"

"Nilicheka, mzee."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Sasa unashitaki nini, mwanangu? Ungekataa palepale tungekusikia. Mpelekee kuku wake."

Nikawaambia utani ni wa sufuria na kofia, siyo wa kazi ya mtu. Wakasema mji umeniharibu.

Nyumba zilipokwisha nilikwenda kutafuta nyufa. Sikuona hata moja. Alimwagilia siku saba kamili, na matundu yako palepale nilipoyaweka mimi. Ingekuwa kazi mbovu ningelala vizuri. Muuguzi mmoja alinikaribisha maji ya kunywa, akasema aliyeibuni nyumba hii ana akili, mchana hana haja ya feni. Akanitajia jina la mtani wangu. Nilikunywa maji, nikashukuru. Ningemwambia nini, kwamba nilicheka?

Tangu hapo sijachimba kaburi la upande wake, na kwangu wakija msibani hawaruhusiwi kugusa kitu.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Nachingwea, vyumba sita vya kupangisha, vyote vya tofali lisilochomwa. Mashine mbili za mkono, moja mbovu. Mikorosho ekari tatu. Mbuzi tisa. Baiskeli.