Kengele Niliyoifunga kwa Gazeti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya saa moja asubuhi, nikakuta mlango umefungwa, nikaizunguka ile ofisi ya mabati mara nne kabla mtu yeyote hajaja kufungua. Ndivyo nilivyo mpaka leo. Mkinikuta nimeketi kwa muda mrefu, niulizeni ninaumwa wapi. Hata haya mnayosoma nimeyasema nikitembea uani huku binti yangu akiandika, naye analalamika kwamba ananisikia nusu nusu. Nimemwambia aandike hiyo nusu, maana nyingine ni kikohozi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika mji mdogo wa reli kati ya Nakuru na Molo. Tulikuwa na stesheni, kiwanda cha mbao, safu moja ya maduka, soko, na lokesheni ya Waafrika ng'ambo ya reli. Mji mdogo hivyo ulikuwa na baraza lake, na baraza lilikuwa na madiwani, wengi wao walowezi wenye mashamba ya ngano. Mwafrika wa pekee katika chumba cha mkutano nilikuwa mimi, Zakayo, karani mdogo, na kazi yangu ilikuwa kuandika waliyosema wengine.

Mkubwa wangu alikuwa Karani Mkuu wa Mji, Mzungu mrefu aliyevaa soksi za kufika magotini na kusema kile Kiswahili cha walowezi ambacho kilitutosha sisi sote. Asubuhi hiyo aliniwekea vitu vitatu mezani: ufunguo wa ubao wa matangazo, kitabu cha makaburi, na kengele ya shaba yenye mpini wa mbao.

"Hii tatu ni kazi yako," akasema. "Kama watu hapana sikia, sisi hapana sema. Wewe nafahamu?"

Nikamwambia nimefahamu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na tai mpya, ningefahamu chochote.

Nyinyi mnaofanya kazi kaunti siku hizi mnatuma tangazo kwa simu, mnakunywa chai. Zamani tangazo lilitembea kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ulikuwa ubao, sanduku la kioo lililotundikwa nje ya ofisi, ambamo karatasi ilikaa mwezi mzima, kwa Kiingereza. Mguu wa pili ulikuwa kengele. Jumamosi mbili za soko mpiga kengele alisimama langoni, akaipiga, akalisema tangazo kwa Kiswahili, na mwisho akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Baada ya hapo mimi nilijaza hati ya tangazo, kijikaratasi kisichozidi kiganja, nikatia sahihi kwamba yote mawili yamefanyika. Bila hati hiyo baraza halikuweza hata kuukata mti wa barabarani. Kwa hiyo, vijana, wakubwa walikuwa wale mezani, lakini kila kitu kilipita chini ya kalamu yangu, na mimi nililijua hilo vizuri sana. Lilinipanda kichwani.

Mpiga kengele wetu alikuwa Arap Koros, mzee aliyekuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni. Watu walimpenda. Aliweza kutangaza leseni za mbwa hadi wasio na mbwa wakasogea kusikiliza.

Kitabu cha makaburi kilikuwa kazi ya kimya. Makaburi ya lokesheni yalikuwa nyuma ya uwanja wa mnada wa ng'ombe, na kila kaburi liliwekewa kigingi cha mbao chenye namba. Mimi niliandika safu, namba ya kigingi, na jina la marehemu. Mwaka wangu wa pili niliandika safu ya tatu, kigingi cha kumi na moja, Yohana, mpasuaji mbao. Gogo lilimwangukia kiwandani. Mjane wake, Mama Esta, aliuza kabichi na minji sokoni, hatua tatu tu kutoka pale Arap Koros aliposimama na kengele. Hakujua kusoma, lakini kigingi alikijua. Kila nilipopita aliniuliza, "Karani, kigingi cha Baba Esta bado kiko?"

"Kiko, mama."

"Basi mwambie avumilie. Shemeji yangu ni mwashi kule Kariandusi. Mvua ikiisha atakuja kummwagia msalaba wa simiti, tuachane na kuni hizi."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alikuwa amengoja mvua mbili ziishe, na msalaba ulikuwa ndio neno lake kila Jumamosi.

Ndipo ajenda ikaja. Ajenda ni orodha ya mambo ya kikao, na niliichapa mimi mwenyewe kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo ukikosea herufi moja unaipaka dawa na kungoja ikauke huku mkubwa anakuita. Jambo la nne lilikuwa kupanua uwanja wa mnada. Bwana Afya, yaani mkaguzi wa afya, alisema ng'ombe wamebanana na mavi yanafika barabarani. Madiwani wakakubaliana uwanja uchukue eneo la makaburi ya lokesheni, makaburi kumi na tisa. Tangazo litolewe. Jamaa watakaotaka kuhamisha watu wao wapewe vibarua na mkokoteni wa baraza. Kusema kweli, uamuzi wenyewe haukuwa wa kikatili, kama watu wangeusikia.

Wiki hiyo Arap Koros alikuwa ameenda kwao upande wa Kuresoi, mguu umevimba. Karani Mkuu akaniita.

"Zakayo, mzee iko gonjwa. Kengele napiga wewe."

Nikasema, "Bwana, serikali imetangaza hali ya hatari. Mkutano wa watu unahitaji kibali."

Alikohoa, akachukua kofia, akaenda mwenyewe kwa Bwana D.O., ofisa wa serikali wa wilaya. Akarudi na kibali chenye muhuri, akaniwekea mkononi. "Sasa hapana maneno."

Maneno yalikuwa yameisha kweli. Kilichobaki ni kuona haya. Mimi karani mwenye tai, ninayeketi chumba kimoja na madiwani, nisimame langoni mwa soko nitikise kengele kama muuza dawa ya viroboto? Jumamosi ya kwanza niliifunga kengele kwa gazeti, nikaibana kwapani, nikaenda. Kwenye kioski cha chai walikuwa wameegemea makarani wawili wa reli na mwalimu mmoja niliyetaka sana aniheshimu.

"Karani," mmoja akaita, "umebeba chungu cha nani?"

"Birika la ofisi," nikasema. "Napeleka kuzibwa."

Wakacheka kidogo, nami nikacheka. Nikaingia sokoni, nikalizunguka mara moja, nikampita Mama Esta akipanga kabichi zake. Akaniuliza juu ya kigingi. Nikamwambia kiko. Kisha nikarudi ofisini na birika langu. Jumamosi ya pili sikuondoka hata mezani, nilichapa barua ambazo hazikuwa na haraka yoyote.

Mwezi ulipoisha nilijaza hati. Msinidanganye kwamba mtu huhisi kitu wakati ule. Karani Mkuu aliniuliza, "Watu nasikia?" Nikasema ndiyo, bwana. "Iko mtu nakataa?" Nikasema hakuna, bwana. Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa. Kikao kilichofuata kumbukumbu hizo zilithibitishwa, ndiyo kusema Mwenyekiti aliuliza kama ziko sawa, wakaguna kwamba ziko sawa, akatia sahihi. Kumbukumbu zikishathibitishwa hazibishaniwi tena. Mimi ndimi niliyeziandika, na tangu hapo hata mimi sikuweza kuzigusa.

Trekta iliingia Jumanne. Kufika saa nne Mama Esta alikuwa dirishani kwangu, udongo hadi magotini.

"Karani, wamelima juu ya watu."

"Tangazo lilitolewa, mama."

"Lilitolewa wapi? Mimi niko langoni kila Jumamosi."

Nikamwonyesha ubao. Alikwenda, akasimama mbele ya kile kioo, akakitazama kwa muda, kisha akarudi.

"Na kengele?"

Kibali kilikuwa ndani ya droo, goti langu likiigusa droo hiyo. Nikasema, "Ni hii hali ya hatari, mama. Mikutano ilikatazwa."

Alinitazama, na aliniamini. Hilo ndilo lililonitembeza miaka yote hii. Angenitukana ningelala. Alijifuta mikono kwa leso akasema, "Pole, Karani. Na nyinyi mna shida zenu." Akaenda zake.

Miezi miwili haikupita nikaomba uhamisho. Nilipelekwa Nakuru, chini ya Naibu Karani aliyesoma kila barua mara mbili na kuniambia, "Wewe unaandika kama mtu anayefukuzwa." Nikaenda Gilgil, nikaenda Naivasha, nikarudi Nakuru. Uhuru ulikuja, soksi ndefu zikaondoka, tai zikabaki. Kila kituo niliomba kazi moja ambayo makarani wenzangu walinicheka kwayo: kutoa matangazo sokoni kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata kipaza sauti kilipokuja nilikishika mimi. Mkubwa mmoja, Mwafrika mwenzangu, aliniuliza kwa nini najishusha. Nikamjibu napenda kutembea. Lilikuwa jibu la kijinga, lakini aliandika kwenye faili langu kwamba nina afya njema.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa kwenye ule mji mdogo, sasa mimi ndiye Karani Mkuu, kwenye meza ileile. Kabla ya kustaafu tulisafisha stoo. Katika orodha ya vitu vya kutupwa, kati ya taipu iliyovunjika na ndoo tatu, niliona kengele moja ya shaba, na katika vya kuchomwa, kitabu kimoja cha makaburi. Nilivitilia sahihi nikavichukua nyumbani. Siku ya kuniaga wenzangu walinizawadia kiti cha kubembea. Mimi, kiti. Niliwashukuru sana, na tangu siku hiyo paka ndiye anayekikalia.

Mnasubiri nasaha za mstaafu. Sina nyingi. Faili liwe na kurasa zenye namba, barua ijibiwe wiki hiyohiyo, na usiandike "hakuna pingamizi" mpaka umewatazama watu usoni. Haya mengine wakubwa wenu watawafundisha.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilikwenda kwa Mama Esta. Nilimkuta amezeeka, anamenya minji mlangoni, macho bado makali. Nilikataa kiti. Nikiwa nimesimama, nikizungukazunguka mbele yake, nikamwambia yote: gazeti, birika, makarani wa reli, kibali kilichokuwa kwenye droo.

Aliendelea kumenya mpaka ganda la mwisho.

"Kwa hivyo si serikali iliyokukataza kusema," akasema. "Wewe uliona haya."

"Niliona haya, mama."

"Ya kengele."

"Ya kengele."

"Shemeji yangu alikuja mwezi uleule na mfuko wa simiti. Tulikosa mahali pa kuumwaga. Uligandia pale nyuma." Akanyoosha kidole. Mfuko ulikuwapo kweli, karatasi imeoza, jiwe limebaki na umbo lake, na kuku wawili walikuwa juu yake. "Sitaki uniombe msamaha ukiwa unazunguka hivyo, unanipa kizunguzungu. Hilo tangazo bado unalikumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Basi Jumamosi kalitoe."

Nilifikiri ananitania. Hakuwa anatania. Jumamosi nikavaa tai, nikaenda mchana kweupe na kengele mkononi bila gazeti. Soko lilikuwa limejaa. Nikasimama langoni, nikaipiga. Vijana wa kupakia viazi walicheka, mmoja akaniuliza nauza dawa gani. Nilimjibu asubiri kidogo atanunua. Kisha nikaanza: Baraza la mji linatangaza kwa wote kwamba makaburi nyuma ya uwanja wa mnada yatalimwa, na mwenye mtu wake afike ofisini kabla ya mwezi kuisha. Nikafungua kitabu nikasoma majina, safu kwa safu. Sauti yangu ilikuwa ya hovyo, Arap Koros angenionea aibu. Kufika jina la saba, mwanamume mmoja mwenye mvi aliteremsha gunia begani akavua kofia, akasema polepole kwamba huyo alikuwa baba yake. Kicheko kikakoma.

Mama Esta alikuwa mbele, ameshikwa mkono na Esta, ambaye sasa naye ni nyanya wa watu. Nikasoma safu ya tatu, kigingi cha kumi na moja, Yohana, mpasuaji mbao. Nikasoma mpaka wa kumi na tisa. Kisha nikauliza, kama ilivyotakiwa kuulizwa siku ile, kama kuna mwenye pingamizi.

Mama Esta akainua mkono.

"Mimi niko," akasema. "Ninapinga."

Nikaweka kengele chini, nikatoa kalamu, nikaandika kwenye kitabu, mbele ya jina la mumewe: pingamizi limepokelewa. Nikamsomea. Akaniambia nitie sahihi.